Ufundi wa Kumfasili Mnyama

Ukifungua kamusi za Kiswahili penye majina ya samaki na ndege, utakutana mara nyingi na fasili ya kivivu: "aina ya samaki", "aina ya ndege". Haina kosa, ila haina kazi. Anayemjua samaki huyo haongezewi kitu, na asiyemjua anabaki pale pale. Ndiyo maana naona mtunga kamusi hupimwa kwa wanyama zaidi kuliko kwa maneno mazito ya sheria na dini: hapo hujulikana kama aliuliza wajuzi au alijaza mstari tu. Wazee wa kazi hii waliuliza, tena sana. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikachapwa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Madan alitoa yake mwaka 1903. Padri Sacleux, aliyekuwa pia mkusanyaji wa mimea, alichapisha juzuu zake mbili Paris mwaka 1939 na 1941. Wote walikuwa wageni; yaliyomo humo kuhusu mifugo ni elimu ya wafugaji, na sifa ya wageni hao ni kuinukuu bila kuipunguza.

Mchukue kuku, ambaye hapa Mangobo, mjini Kisangani, kama kwingineko hutembea uani bila kuomba ruhusa. Katika kamusi za zamani hana jina moja. Kifaranga dume akikua huwa pora, jogoo mchanga asiyeanza kuwika. Jike huwa tembe kabla hajataga, kisha mtetea, kwa ule mlio wake wa kutaga, na akishakuwa mzazi ni koo. Mbuzi jike aliyekua bila kuzaa ni mfarika. Ng'ombe wa hali hiyo ni mtamba. Tazama kinachopimwa hapo: miezi haihesabiwi wala uzito hautajwi, hatua ya uzazi ndiyo inayomtenga huyu na yule. Mfugaji anayeamua yupi auzwe, yupi achinjwe na yupi aachwe aongeze kundi hana haja ya tarehe ya kuzaliwa. Hiyo ni biolojia, ingawa haikufundishwa kwa jina hilo, na aliyechora mpaka kati ya tembe na mtetea alifanya kazi kubwa kuliko aliyeandika "kuku jike" akapita zake.

Kisangani nayo ina shule yake ya kufasili, iliyo kongwe kuliko vitabu hivi. Walokele wa kando ya mto, kama alivyoeleza mmisionari John Carrington wa Yakusu katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu ngoma zisemazo, walituma habari kwa ngoma ya mti inayotoa toni tupu, isiyo na konsonanti wala irabu. Neno fupi likipigwa peke yake hufanana na mengine mengi, kwa hiyo mpigaji huliongezea maelezo. Kuku, kwa mfano, hutajwa pamoja na udogo wake na mlio wake wa kiokio. Kule maelezo yasipokuwepo ujumbe haufiki kabisa. Laiti kila mwandishi wa "aina ya ndege" angelazimika kukipigia kijiji cha ng'ambo fasili yake.

Patakuwa na wa kusema kwamba mtamba na mfarika ni maneno ya watu wengine. Mangobo Kiswahili kinakaa nyumba moja na Lingala. Mtu huomba ngolo sokoni, na kambare hamjui. Kweli, na kamusi za zamani ziliandikwa kwa sikio la pwani. Lakini ngolo na kambare ni samaki yule yule, baba ana sharubu na mtoto ana sharubu, hana magamba, na huweza kuvuta hewa maji yakipungua. Fasili ikiwa hivyo, majina yote mawili yanapata pa kukaa. Mwingine atasema Kilatini cha wanasayansi kinatosha. Kinahitajika, sikatai, ila kina haraka zake. Okapi alipewa jina la kisayansi mwaka 1901 kutokana na vipande vya ngozi, akaingizwa katika jenasi ya farasi na punda. Mwaka huo huo ikabidi atolewe. Jina la watu wa msituni halikuhitaji kusahihishwa. Na lesula, tumbili aliyetangazwa rasmi mwaka 2012, watafiti walimwona kwanza Opala, humu humu mkoani Tshopo, mwaka 2007, nao wawindaji walikuwa wakimwita hivyo tayari.

Pingamizi lenye uzito ni la nafasi: kamusi si ensaiklopedia, na karatasi ni ghali. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, kwa kuwa kueleza sana ni rahisi. Kuchagua sifa moja au mbili zinazomtenga mnyama na jamaa zake ni kazi ya mjuzi. Tuseme ni mbinzo, viwavi wa kuliwa wanaouzwa Kisangani kila msimu. Wapo wa namna nyingi, na mmoja wao, Imbrasia oyemensis, hula majani ya sapeli, mti mrefu ambao wakata mbao nao wanautaka. Ukiandika "aina ya kiwavi", mti umepotea, na ugomvi wa msumeno na sufuria umepotea nao. Ukiandika "kiwavi aliwaye wa mti wa sapeli, aokotwaye anaposhuka chini kugeuka", umetumia mstari mmoja tu wa karatasi.