Jina la Friday

Jina ni heshima ya mtu, na amwitaye mwenziwe jina jipya humwonyesha pia mahali pa kusimama. Jambo hili ladhihirika katika jina Friday, ambalo Daniel Defoe alimpa mtumishi wa Robinson Crusoe katika riwaya iliyochapwa mwaka 1719.

Maana yake ni nyepesi: ni Ijumaa, siku ambayo Crusoe alimwokoa mateka huyo na maadui waliotaka kumla. Waswahili nao humwita Juma mtoto aliyezaliwa Ijumaa, lakini majina haya yafanana kwa nje tu. Juma hupewa jina na wazazi wake, akatajwa pamoja na jina la babaye. Friday alikuwa mtu mzima wa miaka ipatayo 26, mwenye jina lake tangu utotoni. Crusoe hakumwuliza. Alimpa jina, kisha akamfundisha kumwita yeye Bwana, kana kwamba hilo nalo lilikuwa jina.

Wala Defoe hakuwa mgeni wa thamani ya majina. Yeye mwenyewe alizaliwa Foe, akajiongezea De. Crusoe naye, mwanzoni mwa masimulizi, aeleza kwamba ukoo wao uliitwa Kreutznaer, na kwamba Waingereza ndio walioligeuza jina hilo. Lakini babaye Friday atokeapo kisiwani, akakumbatiwa na mwanawe kwa machozi, jina la kwanza la kijana halisikiki hata hapo.

Yaweza kujibiwa kwamba Crusoe alimpenda, na kwamba Defoe amsifu Friday kwa uaminifu na akili. Ndiye amwulizaye bwana wake kwa nini Mungu hamwui Shetani, na bwana akakosa jibu. Ni kweli. Hata hivyo, Kiingereza hakikurithi akili hiyo, kilirithi utumishi: “man Friday” ni msaidizi mtiifu, na “girl Friday” ni mwanamke wa kazi za ofisini. Mwaka 1986 J. M. Coetzee, katika riwaya yake Foe, alimfanya Friday kuwa mtu asiye na ulimi. Akakionyesha waziwazi kile ambacho Defoe alikiacha kimya.

Basi mfasiri na atahadhari. Akimwita Juma, atampa wazazi waliompa jina, na dhuluma ya Crusoe haitaonekana tena.