Kwenu Ni Wapi Hasa?

Ukiishi Nairobi lazima utaulizwa: "Kwenu ni wapi?" Nikijibu Mogogosiek, kaunti ya Bomet, watu hushangaa. "Wah, kule kwa majani chai! Sasa Pipeline unafuata nini?" Kwao, nimeacha mahali penye jina nikaja kukaa kwenye ghorofa zisizo na kwao.

Hadithi zetu za mjini zinafikiri hivyo hivyo. Katika filamu ya Nairobi Half Life (2012), Mwas anatoka ushago na hata jiji hajalizoea ameshaibiwa. Filamu naipenda. Lakini waandishi wengi chipukizi wameigeuza njia yake kuwa kanuni: ushago kuna nyanya, kijani na amani, mjini kuna saruji na watu wasiojuana. Mfaransa Marc Augé aliandika mwaka 1992 kuhusu sehemu za kupita tu, kama viwanja vya ndege, barabara kuu na maduka makubwa, ambako hakuna anayekujua. Tukamsoma, tukatazama Nairobi, tukasema: ndiyo hii.

Mimi nasema tutazame pia mashamba ya chai.

Mogogosiek tuna afadhali, kwa sababu wakulima wadogo wana vipande vyao na bonasi yao. Lakini panda matatu uelekee Kericho. Kijani kinanyooka hadi macho yanachoka, mistari ileile, kimo kilekile, na nyumba za kambi zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Makampuni ya Waingereza yalianza kupanda chai huko miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis waliondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

Mama yangu mdogo aliishi kwenye kambi moja miaka kumi na tisa. Nyumba yake ilikuwa na nambari. Alipanda sukuma wiki nyuma ya jikoni na watoto wake watatu walizaliwa humo. Mashine za kuchuma zilipokuja, kazi iliisha, na nyumba ikaenda na kazi. Nilimsaidia kubeba godoro. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzuri sana; ungepiga picha, ungepata likes kibao.

Ndiyo maana sasa nasoma tofauti riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road (1976). Wengi huisoma kama kilio cha jiji. Ben ni kibarua anayejenga jumba refu liitwalo Development House, huku vibanda vya watu kama yeye vikichomwa na baraza la jiji, na wenyewe wakivijenga tena. Mimi humo namwona mama mdogo: unajenga, unachuma, unatunza, lakini kukaa si haki yako.

Katika Coming to Birth (1986) ya Marjorie Oludhe Macgoye, Paulina anafika Nairobi mwaka 1956 akiwa na miaka kumi na sita, na muda si muda anapotea njia. Polepole anazijua barabara kwa miguu, anapata kazi, anapata watu. Hakuna aliyemkabidhi jiji. Amelizoea kwa kuishi ndani yake.

Wakipsigis wana neno kokwet. Ni ujirani, na pia ni kikao cha majirani wanaoamua mambo yao. Kwa maana hiyo, mahali ni pale ambapo neno lako linasikizwa. Kijani pekee hakitoshi.

Sisemi Pipeline ni peponi. Kodi ikichelewa, mlango unapigwa kufuli. Lakini sisi wapangaji tunajua tunapanga. Mama mdogo aliambiwa miaka yote hiyo kwamba yuko nyumbani, na leo analipia chumba hapo sokoni Mogogosiek, kilomita chache kutoka alikozaliwa.

Kwa hivyo, wewe unayeandika hadithi ya kijana aliyechoshwa na jiji akarudi ushago kutulia, nitakusoma. Lakini niambie mapema: hati ya hilo shamba iko kwa jina la nani?