Al-Inkishafi na Siku ya Mvua



Katika majumba yetu ushairi wa wazee hupimwa kwa mizani mbili, na zote mbili mbovu. Mizani ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba shairi ni upuuzi, kazi ya asiye na kazi, na kwamba Muislamu mwenye kuchunga wakati wake hana haja ya kukaa kitako akasikiliza vina. Mizani ya pili ni ya wale wanaoutukuza ushairi huo, lakini wameufanya kama sanda: hautolewi sandukuni mpaka afe mtu. Matanga yakiondoka, unakunjwa na kurudishwa.

Leo nataka nikuonyeshe, kwa utenzi mmoja tu, kuwa makundi yote mawili yamejinyima. Utenzi wenyewe ni Al-Inkishafi. Huenda unao nyumbani. Huenda bibi yako aliusoma na wewe ukilala. Basi nisikilize.

Utenzi huu ulitungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi huutia kati ya mwaka 1810 na 1820. Alikuwa sharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut, naye ndiye aliyeutia takhmisi wimbo wa Liyongo. Pate, kisiwani kaskazini ya Lamu, ulikuwa mji wa wafalme wa Kinabahani, mji wa majumba ya mawe na vyombo vya ng'ambo. Kisha ukaanza kuliwa na fitina na vita. Mwaka 1812 au 1813 jeshi la Pate na wenzao wa Mombasa lilivunjwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na nguvu za Pate zikazidi kuporomoka. Mshairi wetu hakusoma habari hizo vitabuni. Aliyaona magofu kwa macho, na baadhi ya majina anayoyaulizia ni ya jamaa zake mwenyewe.

Umbo la utenzi nalo lina maana yake. Beti ni sabini na kitu. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani kumi, zilizogawanyika sita na nne. Mishororo mitatu ya kwanza hukubaliana vina, na kila ubeti huwa na vina vyake vipya. Ama mshororo wa nne, tangu mwanzo hata mwisho, hurudi kwenye kina kimoja, kile cha "ye". Angalia basi hekima yake. Moyo unaachiwa uzurure mishororo mitatu utakako, kwenye mali, kwenye jaha, kwenye starehe. Wa nne unaurudisha mlango ule ule. Msikilizaji hata kama hajui elimu ya arudhi, masikio yake yameshaambiwa kuwa njia ni nyingi na marejeo ni mamoja.

Kwa miaka mingi utenzi huu ulikaa katika nakala za mkono, kwa khati za Kiarabu. William Hichens aliuchapisha London mwaka 1939, na James de Vere Allen akautoa tena kwa sharhe mwaka 1977. Lakini mimi sikusudii kukueleza vitabu. Nakusudia kukueleza utenzi huu hufanya kazi gani ndani ya mtu, na hilo nililiona wazi mahali ambapo hukupatarajia.

Mahali penyewe ni Mwanhuzi. Ndio makao makuu ya Wilaya ya Meatu, katika Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba, mtama na ng'ombe. Nchi kame, mbali na bahari, ambako tone la mvua lina heshima yake. Nilialikwa huko mwezi wa Machi kufungisha nikahi. Nilipomaliza, nikaazimia kuondoka alfajiri niende Bariadi, kisha Mwanza. Kabla ya adhana mvua ikateremka, na haikukatika. Udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, ukinywa maji huwa gundi. Gari halikuondoka. Sokoni hapakuwa na mtu. Simu nazo zikanyamaza.

Tukakaa kibarazani kwa mwenyeji wangu, mtu wa asili ya Tanga aliyehamia huko kwa biashara. Palikuwa na vijana wawili wa madrasa, mzee mmoja wa Kisukuma, Muislamu, mwenye shamba la pamba na ng'ombe wake, na kijana mnunuzi wa choroko. Huyu kijana alikuwa ameahidiana na watu shehena. Lori lake limezama njiani, na wenye mali wamekwisha kumtumia salamu kuwa wangemuuzia mwingine. Alikuwa akiitukana mvua kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo unayoitukana ndiyo pamba yangu."

Tukasali adhuhuri jamaa pale pale, kwa ruhusa tuliyopewa wakati wa mvua. Kisha mwenyeji akaingia ndani akatoka na daftari la bibi yake, lililoandikwa kwa mkono, akaanza kuusoma Al-Inkishafi kwa sauti ya kikwetu. Kila ubeti mzee alitaka maana yake. Ikabidi nifasiri, maana Kiamu cha zamani si lugha nyepesi hata kwa watu wa pwani, seuze kwa mtu wa Meatu.

Tukafika pale mshairi anapoifananisha dunia na kisima kisicho na ukingo, chenye ng'ombe mkali anayemtia pembe kila amkaribiaye, hata mwenye kiu asipate kunywa. Sisi watu wa pwani, wenye visima vya kuta na ndoo, ubeti huu huupita upesi. Mzee aliuzuia. Akauliza, "Mtungaji huyu alikuwa mchungaji?" Nikamwambia, la, alikuwa sharifu wa mji wa mawe. Akatikisa kichwa, akasema, "Ng'ombe wa namna hiyo huwa hana kiu. Keshakunywa zamani. Anazuia tu."

Ndugu msomaji, sijapata kuona sharhe iliyozidi hiyo. Dunia haitutaki, wala haina haja na kile tunachokigombania; inatuzuia tu na kutujeruhi, nasi tunazidi kuisogelea. Na hapa ndipo unapoijua sanaa ya kweli: mfano uliotungwa Pate miaka mia mbili iliyopita unamngojea mtu wa Meatu aje aukamilishe.

Mifano mingine inafuata. Kuna sarabi, yale maji ya uongo yanayomkimbiza mwenye kiu jua likiwa utosini. Na mwenye kuijua Suratun-Nur atatambua mshairi amechota wapi. Kuna vumbi linalong'aa katika mwali wa jua uingiao ndani. Ukilifumbata, ukifungua mkono hukuti kitu. Kuna taa iliyo mbele ya upepo. Mifano hii haikupangwa ovyo. Kila mmoja una kitu kinachoonekana na hakishikiki. Mshairi anamfunza msikilizaji kutoyaamini macho yake, ili atakapomwonyesha majumba ya Pate, msikilizaji awe tayari keshajua la kutazama.

Kisha anamwonyesha. Matajiri walioviringa shingo kwa kiburi, mataa yaliyofanya usiku kuwa mchana, vitanda, matandiko, manukato. Halafu ghafla: popo juu ya dari, na madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za ng'ambo sasa ni malalo ya makinda ya ndege. Wako wapi? Anauliza tena na tena, na jibu ni ukimya.

Hapa pana jambo wengi hawalioni. Mshairi haichukii Pate. Mtu hakieleze kitu kwa uangalifu namna hii ila akiwa amekipenda. Hakusema sahani zile zilikuwa haramu, wala taa zile zilikuwa uovu. Alisema zilikuwa nzuri, na kwamba hazikubaki. Mawaidha yanayoanza kwa kukidharau kile mtu anachokipenda humfunga masikio. Al-Inkishafi humwacha mtu apende kwanza, kisha humwonyesha.

La pili, na ndilo kubwa: mshairi haemi "enyi watu". Anasema na moyo wake. Tangu mwanzo hata mwisho anayelaumiwa ni yeye mwenyewe, nasi wengine tunasikiliza kama waliopita dirishani wakamsikia mtu anajikanya usiku. Nani atakasirika kwa hilo? Jina la utenzi lenyewe ni kufunuka, na kinachofunuliwa kwanza ni kifua cha mwenye kutunga. Waalimu na wahubiri, nami ni mmoja katika wao, tuna la kujifunza hapa. Neno "nyinyi" limejaa midomoni mwetu. Neno "moyo wangu" liko wapi?

Yule kijana wa choroko alikuwa amenyamaza muda mrefu. Tulipofika kwenye madaka na ndege, akasema, "Sheikh, mimi nalilia magunia, huyu analilia mji." Hakuongoka pale pale kama watu wa hadithi za kutunga, alasiri alitoka kwenda kuulizia lori lake, na ni haki yake, maana kutafuta riziki ni ibada. Lakini mvua hakuitukana tena.

Nataka uelewe sawasawa kilichotokea. Utenzi haukuirudisha siku ile. Lori lilibaki topeni, shehena ilikwenda kwa mwingine, nami nilikawia. Kilichobadilika ni kipimo cha khasara. Mwenye kuvunjikiwa na azma ya siku moja alikutanishwa na mji mzima uliovunjikiwa na azma zake, akajiona alipo. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa njema: haikuongopei kwamba hukupoteza, bali hukuonyesha umepoteza kiasi gani, na kwamba kilicho kikubwa zaidi bado kiko mikononi mwako.

Baada ya kusifu, uadilifu unataka tutaje upungufu. Mwishoni mshairi anaingia kwenye Moto, akiutaja kwa majina yake mbalimbali. Maneno ni ya haki na imani yetu ni hiyo. Lakini kwa upande wa utunzi, sehemu hiyo ni nyembamba kuliko ile ya majumba. Pale tuliona popo na sahani. Hapa tunasikia zaidi majina. Pia utenzi unauliza habari za matajiri na watukufu waliokuwa majumbani, lakini hauulizi wako wapi waliobeba mawe yale na kuichoma chokaa ile. Nao walikuwa watu, na makaburi yao hayajulikani hata kwa magofu. Msomaji wa leo na aliulize swali hilo mwenyewe.

Na upungufu mwingine ni wetu, si wa mshairi. Wako wanaoanza kuusoma kwenye Moto, wakayaruka majumba, ili watishe watoto. Huko ni kumpeleka mtu mwisho wa safari bila ya kumpitisha njiani. Mtoto ataogopa usiku mmoja, na kesho hatataka kuusikia.

Atauliza muulizaji: je, Qur'ani haikuwalaumu washairi? Naam, mwisho wa Suratush-Shuaraa wamelaumiwa wale wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Kisha papo hapo wakatolewa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Mtume, sala na salamu zimshukie, alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini ili asome mashairi yake. Basi hukumu ya shairi ni hukumu ya maneno yaliyomo: jema lake jema, baya lake baya. Na mtunzi anayeikagua nafsi yake mbele ya watu hatangitangi bondeni. Amesimama mahali pamoja, tena mahali pagumu.

Ninachokuomba, ndugu msomaji, ni kidogo. Masika yakija, siku ambayo watoto hawakwenda chuoni kwa mvua, umeme umekatika na televisheni imenyamaza, usiseme siku imeharibika. Toa Al-Inkishafi. Soma beti kumi tu, usizidishe. Maneno magumu ya Kiamu muulize mkubwa wa nyumba, na asiyoyajua yaandikeni mkayaulize kwingine, maana wenye kuyajua wanapungua kila mwaka. Mwite na jirani wa kazi nyingine kuliko yako: mvuvi atakufasiria bahari iliyochafuka na miamba yake, fundi mwashi atakufasiria ukuta unaovyoanza kubomoka, kama mfugaji alivyotufasiria kisima. Wala usiwaambie watoto, "Haya yanawahusu nyinyi." Anza wewe baba, anza wewe mama, useme "moyo wangu" kabla yao.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, azijaalie mvua zetu ziwe za manufaa, na atufunulie aibu za nyoyo zetu tungali na nafasi ya kuzitengeneza. Amin.