Beijing Ilipoitaja Boroni kwa Jina

Uamuzi ulioanza kutumika China tarehe 1 Januari 2015 ulikuwa mbovu tangu ulipoandikwa. Nia yake ilikuwa njema: kukomesha marejesho ya VAT kwa wauzaji waliokuwa wakipeleka nje chuma cha kawaida kwa jina la chuma cha aloi. Lakini waandishi wake waliikamata boroni peke yake, wakaiacha bidhaa iende zake. Miaka sita ya biashara ya chuma duniani iliharibika kwa kosa hilo moja.

Turudie mchezo ulivyokuwa. Julai 2010 China ilifuta marejesho kwa koili za kawaida zilizoviringishwa kwa moto, zile za kichwa cha 72.08 kwenye mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa forodha (HS). Viwanda vikafungua Maelezo ya Sura ya 72, aya ya 1(f). Hapo chuma huhesabiwa aloi nyingine kikiwa na boroni ya asilimia 0.0008 tu kwa uzito, yaani gramu 8 kwa tani. Koili ya tani 25 inahitaji gramu 200. Ukishazitia, 72.08 inakuwa 72.25, waya wa koili wa 72.13 unahamia 72.27, nondo za 72.14 zinaingia 72.28, na marejesho ya asilimia 9 hadi 13 yanarudi mfukoni.

Boroni ina kazi yake ya heshima. Huongeza uwezo wa chuma kuwa kigumu kinapochomwa kisha kuzimwa ghafla, ndiyo maana watengenezaji wa majembe ya trekta na boliti za nguvu huihitaji. Lakini koili inayokwenda kukunjwa bomba la geti haitazimwa hata siku moja. Boroni iliyomo haina kazi yoyote isipokuwa kubadili namba kwenye tamko la forodha.

Sasa tufike kwenye uamuzi wenyewe. Mezani palikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kufuta marejesho kwa vichwa vizima. Ya pili, kupandisha sharti, ili aloi ithibitishwe kwa matumizi na kwa daraja la kiufundi. Ya tatu, kuitaja boroni kwa jina na kuiondolea marejesho. Wakachukua ya tatu, iliyo dhaifu kuliko zote.

Ni dhaifu kwa sababu aya ile ile ya 1(f) inataja elementi 15 kwa majina, kisha inaongeza kipengele cha nyinginezo. Ukiizuia boroni, kromu ipo kwa asilimia 0.3 na titani kwa 0.05. Hakuna siri hapo. Orodha imechapishwa na kila wakala wa forodha makini anaijua. Na ndivyo ilivyokuwa: kromu ikachukua nafasi. Ni ghali zaidi, kilo 3 kwa tani badala ya gramu 8, lakini marejesho yalilipia gharama hiyo na faida ikabaki. Koili ile ile, kichwa kile kile cha 72.25, mnunuzi yule yule. Kilichobadilika ni safu moja kwenye cheti cha kiwanda. Aliyeandika tangazo lile ama hakuisoma orodha mpaka mwisho, ama aliisoma akadhani viwanda havitaisoma. Vyovyote vile, hiyo siyo kazi ya mtu wa uainishaji.

Marekebisho ya 2021, yaliyofuta marejesho kwa bidhaa zenyewe badala ya elementi, bidhaa 146 kuanzia 1 Mei na nyingine 23 kuanzia 1 Agosti, yalikuwa sahihi.

Linganisheni na magwiji wa zamani. Mwaka 2000, katika shauri la Nippon Steel, Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit ya Marekani ilikutana na swali hili hili: chuma cha kaboni chenye ushuru wa kuzuia utupaji kimetiwa boroni, je, kimetoka kwenye amri? Majaji waliruhusu Wizara ya Biashara ichunguze kama hayo ni mabadiliko madogo tu yasiyogusa asili ya bidhaa. Walitazama bidhaa kwanza, elementi baadaye. Wizara hiyo ilipoandika amri za koili za moto mwaka 2016, iliingiza bidhaa bila kujali kiwango cha boroni wala titani, na kromu ikaiwekea kikomo cha juu cha asilimia 1.25. Hivyo ndivyo mlango unavyofungwa.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili halijaingia. Tangu Julai 2022 tuna daraja la asilimia 35 kwenye ushuru wa pamoja, na bidhaa nyingi za chuma zimo. Kadiri pengo la viwango vya ushuru kati ya chuma cha kawaida na cha aloi linavyopanuka, ndivyo gramu 8 zinavyopata thamani. Na nitarudia nililolipigia kelele siku zote: kipimo cha mkono cha XRF, kinachotumia eksirei, hakiioni boroni, kwa kuwa ni elementi nyepesi mno. Afisa anayekielekeza kwenye koili ataona manganizi na kromu, kisha atabaki kuamini karatasi ya muuzaji. Boroni inapimwa kwa spektromita ya cheche au maabara kamili. Bandari isiyo na hivyo haiainishi chuma, inanakili vyeti.

Wakala asilaumiwe. Kanuni ya 1 ya uainishaji inamtaka afuate maneno ya vichwa na maelezo ya sura, naye akiandika 72.25 kwa koili yenye boroni ya kutosha yuko sahihi kisheria. Wa kulaumiwa ni anayeweka viwango viwili kwa bidhaa mbili zinazofanya kazi moja. Wataalamu wa bajeti watuwekee kiwango kimoja kwa 72.08 na 72.25 pale matumizi yanapofanana, na atakayetaka unafuu wa aloi halisi athibitishe kwamba chuma chake kitachomwa na kuzimwa. Ikifanyika hivyo, hakuna kiwanda kitakachopata faida kwa kubadilisha elementi.