Mwenye kengele naye apingwe

Jumamosi moja hapa Bwera, kwenye kikundi chetu cha kughani mashairi, nilimkatiza msichana katikati. Shairi lake halikuwa na vina, na kengele nilishika mimi. Nikaigonga. Alikuwa anasimulia walivyovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kasindi. Akakaa chini kimya. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wenzetu wanaotoka Kasese wakagawanyika: hawa wanasema sheria ni sheria, wale wanauliza, kwani kilio nacho kina mizani?

Ubishi huu si mpya jamani. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina. Wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Wakajibizana miaka mingi, lakini hoja ilijibiwa kwa hoja, kitabu kwa kitabu. Leo wote wawili wanasomwa.

Hapo ndipo ninapojikosoa. Amri Abedi aliziandika sheria zake, kila mtu azione, anayetaka azipinge. Yangu ilikuwa kichwani mwangu tu. Sikuitangaza, sikutoa sababu, na wa kunipinga hakuwepo.

Mimi vina bado navipenda. Ila sasa shairi tunalisikiliza hadi mwisho, ndipo tubishane, na kengele tunaishika kwa zamu. Nilienda kwao kuomba radhi. Mama yake alinipokea vizuri. Mwenyewe bado hajarudi.