Albamu za Imbabazi: Kuisoma Picha ya Gisenyi kama Uchapishaji

Zikitajwa picha za Gisenyi zilizopigwa na wenyeji wenyewe, kazi inayotajwa kwanza ni ile iitwayo Through the Eyes of Children, yaani kwa macho ya watoto. Ilianzishwa mwaka 2000 na mpiga picha Mmarekani David Jiranek katika kituo cha watoto yatima cha Imbabazi. Kituo chenyewe kilifunguliwa na Rosamond Carr mwezi Desemba 1994 huko Mugongo, katika jengo la shamba lililokuwa la kukaushia pareto, kisha kikahamia hapa Gisenyi kwa sababu za usalama. Watoto waligawiwa kamera za kutumia mara moja, zile za kadibodi ambazo filamu ikiisha unaipeleka kamera yote kusafishwa. Mengi yaliyosemwa juu ya kazi hiyo yanasifu huruma iliyomo. Mimi nataka kuisoma kama uchapishaji.

Sababu yangu ni ya karibu. Sisi wanafunzi sita tunaopiga picha hapa Rubavu tunatoa kijarida cha kurasa 16, kinachochapwa kwa mashine ya fotokopi na kushonwa kwa pini mbili za stepla. Kila tukikaa kupanga toleo jipya tunabishana juu ya mambo yaleyale: nani achague picha, nani aandike maelezo, kwa lugha gani, na nakala za kwanza ziende kwa nani. Watoto wa Imbabazi walikwisha kuyajibu maswali hayo kwa vitendo, na sehemu ya majibu yao naiona bora kuliko yetu.

Kilichonivutia zaidi ni jambo ambalo waandishi hulipita haraka. Mwanzoni picha zilisafishwa hapahapa, zikabandikwa kwenye kuta za kituo, na watoto wakazipanga wenyewe katika albamu. Maonyesho ya Kigali, kwa mwaliko wa ubalozi wa Marekani, yalikuja mwaka mmoja baadaye, na fedha zilizopatikana zikaenda kwenye masomo yao. Kwa hiyo umbo la kwanza la kazi hii lilikuwa ukuta wa nyumbani na kitabu cha kufunua. Albamu ni chapisho la nakala moja. Ina jalada, ina mpangilio, ina mwanzo na mwisho, na msomaji wake wa kwanza ni yule aliyemo ndani yake.

Hapo ndipo tofauti ya albamu na maonyesho inapokuwa kubwa. Jina la mradi linatuahidi macho ya watoto, lakini picha ina macho mara mbili: jicho linalopiga na jicho linalochagua. Katika albamu, mtoto ndiye mwenye yote mawili. Anaweza kuweka picha ya rafiki yake akicheka karibu na picha ya ukuta iliyotoka na kivuli cha kidole, kwa sababu anazozijua yeye. Katika maonyesho, picha huondolewa kwa jirani zake na kuning'inizwa peke yake chini ya taa, na mtazamaji aliyekwisha kusoma kibao cha utangulizi, chenye neno yatima na neno mauaji ya kimbari, huanza kutafuta huzuni machoni mwa kila mtoto. Huenda ipo, huenda haipo. Kibao kimemwambia aitafute. Sidai kwamba waliopeleka picha mbali walikuwa na nia mbaya. Ada za shule si jambo dogo, na bila maonyesho hata mimi nisingezijua picha hizo. Ninachosema ni kwamba umbo la kutolea picha hubadili maana yake hata kama picha yenyewe haikuguswa.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2001 mtoto wa miaka minane kutoka Imbabazi alishinda tuzo ya kwanza upande wa picha za watu katika shindano la jarida la Camera Arts, akishindana na watu wazima, wakiwemo wapiga picha wa kulipwa. Picha yake iliitwa "Gadi". Wanafunzi wa fasihi tunajua uzito wa anwani. Haikuitwa "Yatima", wala "Tumaini", wala "Mtoto wa Rwanda". Iliitwa kwa jina la mtu, kama vile unavyoandika nyuma ya picha ndani ya albamu ili usisahau ni nani. Naiona anwani hiyo kuwa uamuzi wa kihariri wenye nguvu kuliko kibao chochote cha maonyesho, kwa kuwa inakataa kumfanya aliyemo kuwa mfano wa kitu kingine.

Jiranek alifariki mwaka 2003, na kazi ikaendelea bila yeye. Baadhi ya watoto wale, kama Bizimana Jean, Mussa Uwitonze na Gadi Habumugisha, walikua wakawa wapiga picha na wakafundisha wengine. Kwangu hiki ndicho kipimo kizuri cha kazi ya namna hii: nani ameshika kamera miaka 15 baadaye.

Kwa kulinganisha, nimeitazama kazi ya Uganda iitwayo History in Progress Uganda, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Mholanzi Andrea Stultiens pamoja na Mganda Rumanzi Canon. Wao hukusanya picha za zamani zilizo mikononi mwa familia na kuzitoa tena katika mfululizo wa vitabu vinane uitwao Ebifananyi, neno la Kiganda lenye maana ya picha. Mpwani akilisikia ataona mara moja undugu wake na neno letu "kufanana". Kitabu kimoja kinamhusu mpiga picha Deo Kyakulagira, kingine Musa Katuramu wa magharibi mwa Uganda. Nguvu ya vitabu hivi ni kwamba havifichi mkono wa anayepanga: unaonyeshwa kwamba picha imetoka katika sanduku la mtu fulani, na kwamba kuna mtu aliyeketi na familia kuitazama. Udhaifu wake, kwa macho yangu, ni ughali wa kitabu kilichochapwa Ulaya. Jina ni la Kiganda, lakini mkulima wa Mbarara hatakikuta kikiuzwa stendi.

Na tusidhani kwamba picha na maandishi kwenye karatasi ya bei ndogo ni mambo mageni kwa Kiswahili. Faraji Katalambulla, ambaye darasani tunamkutana katika Simu ya Kifo, alikuwa pia nyuma ya Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha. Sijui kwa nini tunapofundishwa historia ya riwaya pendwa tunaruka kurasa zilizokuwa na picha.

Sasa nirudi kwenye karatasi yetu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijarida cha kurasa 16 ni karatasi nne. Nakala 60 ni karatasi 240. Hesabu hii ndiyo iliyotupa uhuru wa kutomwomba mtu ufadhili. Lakini fotokopi ina maoni yake kuhusu picha. Inapenda mstari mweusi juu ya kitu cheupe, na haipendi kivuli laini. Uso wa mtu mweusi uliopigwa mchana wa jua kali, ambao kwenye simu unaonekana vizuri, kwenye fotokopi huwa doa lenye meno. Tulilazimika kujifunza kuzing'arisha sehemu za kati za picha kabla ya kuchapa, kuziacha nyepesi kiasi cha kuonekana zimepauka kwenye kioo cha kompyuta, ili zikitoka kwenye mashine ziwe na shavu na paji la uso. Watu huliona hilo kuwa la ufundi tu. Naliona pia kuwa la uhakiki, maana kijarida kinachopoteza nyuso za watu wake kimekwisha kusema jambo juu yao.

Toleo letu lililofanikiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la nyufa. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kuja kwetu, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara za Rubavu. Picha zilizoenda duniani zilikuwa za lava nyekundu na za watu wenye magodoro kichwani, nyingi zikiwa nzuri, na nyingine zilipigwa na vijana wa Goma wenyewe. Jirani zetu hao wana kikundi chao, Collectif Goma Oeil, ambacho Moses Sawasawa ni mmoja wa waanzilishi wake. Ukuta uliopasuka Gisenyi haukuwa habari. Sisi tulizunguka kupiga nyufa, zilizozibwa na zisizozibwa, na chini ya kila moja tukaweka sentensi moja ya mwenye nyumba. Ufa mmoja ni picha dhaifu. Kumi na mbili mfululizo, zenye sauti kumi na mbili, zinakuwa mtaa. Na fotokopi, kwa mara moja, ilikuwa upande wetu.

Ugomvi ulikuja kwenye lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini Rubavu hakikusubiri sheria. Kimekuwa lugha ya sokoni na ya mpakani, na ni Kiswahili kilichovuka Petite Barrière pamoja na mabeseni. Kwa toleo lililofuata, mama mmoja muuza nyanya alituambia, "Niko nauzisha tangu asubui." Wawili kati yetu walitaka iandikwe "Ninauza tangu asubuhi", kwa hoja kwamba wahadhiri watasoma na kwamba wasomaji wa Dar es Salaam watamcheka mama wa watu. Hoja ya kuchekwa si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba nukuu inaweza kumvua mtu heshima, hasa ikiwekwa katikati ya sentensi zetu zilizonyooshwa, ili ionekane kuwa sisi tunajua na yeye hajui.

Hata hivyo naona kusahihisha maneno ya mtu ndani ya alama za kunukuu ni sawa na kumpaka poda bila kumwuliza, kisha kusema hiyo ndiyo sura yake. "Kuuzisha" huko Goma si kosa la "kuuza". Ni neno linalotumika kila siku na maelfu ya watu. Njia tuliyoifuata ni ya kizamani: tulimrudia na karatasi ya majaribio, tukamsomea. Alicheka, akasema acheni hivyohivyo, lakini tuongeze jina la binti yake anayemsaidia. Tukaliongeza. Sanifu tunaitumia katika dibaji, ambayo ni sauti yetu sisi.

Kuhusu nakala, tumekubaliana kwamba waliomo ndani hupata kwanza, bila malipo, kabla hata ya kupeleka chuoni. Hili tumelichukua kutoka kwenye ukuta wa Imbabazi.

Limebaki suala la kurasa za 8 na 9. Katika kijarida cha karatasi nne, hizo ndizo kurasa pekee za ndani zinazokaa upande mmoja wa karatasi moja, kwa hiyo picha inaweza kuenea bila kukatika. Wenzangu wanataka toleo lijalo tuweke hapo ziwa Kivu wakati wa machweo, kwa kuwa litauza. Mimi nataka ukurasa mmoja wa albamu ya familia, picha sita ndogo zilizobandikwa kwa mkono wa mwenyewe, pamoja na majina aliyoyaandika pembeni kwa kalamu. Tutapiga kura Jumamosi.