Mama Ustawi Hana Haraka

Katika miji midogo ya Tanzania, kila mwanamume aliyewahi kuchelewesha hela ya matumizi analijua tishio hili: "Nitakupeleka Ustawi!" Hutamkwa sokoni, stendi, kwenye simu, mara nyingine mbele ya watoto wenyewe. Anayetishwa huwaza askari na pingu. Anayetisha huwaza mtu mkali atakayemtia adabu mwenzake. Wakifika, wote wawili hukuta chumba kimoja katika jengo la halmashauri, meza ya mbao, kabati la chuma lililojaa majalada, na mwanamke wa makamo anayewaambia wakae kwanza.

Mji wenyewe siutaji, na habari za watu nimezichanganya makusudi. Una stendi moja, soko moja na hospitali moja ya wilaya. Ukitaja kazi ya baba na umri wa mtoto tu, watu wameshaijua nyumba. Afisa ustawi wa jamii wa mahali kama hapa anafanya kazi mbele ya macho ya kila mtu, na kazi yenyewe inataka asionekane. Watu humwita Mama Ustawi. Benchi la nje ya ofisi yake linatumiwa pia na wanaosubiri ofisi ya mifugo, naye hajawahi kuomba litenganishwe. Anayekaa pale huenda amefuata chanjo ya ng'ombe.

Asubuhi moja nikiwepo, aliingia mama aliyeanzia mwisho: mume ana mwanamke mwingine. Akarudi nyuma kwa mama mkwe, akaruka hadi kwenye meseji alizozikuta kwenye simu, akalia, akaomba radhi kwa kulia, akaanza upya. Muda wote huo kalamu ya Mama Ustawi ilikuwa imelala mezani. Hakumkatiza, hakutikisa kichwa kama anayekubali, hakusema "pole" zaidi ya mara moja. Maneno yalipoanza kujirudia, ndipo alipoichukua kalamu akauliza, "Mama, jana usiku watoto walikula nini?"

Chumba kikabadilika. Ugomvi wa watu wazima ulisogea pembeni, wakabaki watoto watatu. Walikula uji. Wa sukari? Bila sukari. Wote? Wawili, maana mkubwa yuko kwa bibi yake mzaa baba. Mama Ustawi akaandika "uji bila sukari". Angeweza kuandika "lishe duni", kama ripoti nyingi zinavyoandika, na mtu wa makao makuu angeridhika. Nilipoliona neno lile kwenye jalada nikaanza kuuheshimu mwandiko wake.

Maswali yaliyofuata yalikwenda kwa mpangilio ambao mama yule hakuugundua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja mambo ambayo mzazi anawajibika kumpa mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, na uhuru wa kucheza na kupumzika. Mama Ustawi haisomi sheria mbele ya mtu. Anauliza nani analala na nani, nani ana sare, nani aliumwa mara ya mwisho na dawa zilinunuliwa na nani. Anaomba kadi ya kliniki ya mdogo, anafuata kwa kidole mstari wa uzito ulivyopanda na mahali ulipolala, kisha anairudisha bila neno. Mwisho anauliza swali ambalo wazazi wengi hulicheka: "Na huyu wa pili, anacheza na nani?" Mama akafikiri. Hachezi, akasema, anambeba mdogo wake. Hilo nalo likaandikwa.

Barua ya wito ni karatasi moja yenye muhuri. Kisheria, afisa ustawi akipokea taarifa kwamba mzazi mwenye uwezo hamtunzi mwanawe, anaweza kumwita waongee, na uamuzi wake lazima uangalie masilahi ya mtoto. Mzazi akikaidi, shauri linakwenda mahakamani. Karatasi hiyo ina nguvu, na kwa hiyo Mama Ustawi huitumia kwa uangalifu. Haitaji kosa lolote ndani yake. Inasema siku, saa na mahali. Inaingia kwenye bahasha na kupitia kwa mtendaji, tena kwa agizo kwamba mhusika akabidhiwe nyumbani, si kijiweni. Baba huyu ni dereva wa bodaboda. Akipewa wito mbele ya wenzake stendi, atakuja ofisini kulinda jina lake tu, na habari ya watoto haitasikika.

Kabla ya siku ya wito kufika, Mama Ustawi alikwenda kwa bibi. Hapa ndipo nilipoona ufundi wenyewe.

Pikipiki aliiacha dukani, mbali kidogo, akanunua kiberiti na kutembea. Njiani alisalimia kila mzee kwa kituo chake, akauliza hali ya mahindi, akaingia nyumba mbili zisizohusika kabisa. Ukimfuata kwa macho usingejua alikuwa anaelekea wapi. Alipofika kwa bibi alibisha hodi, akaamkia, akaketi kwenye kigoda alichopewa. Bibi aliitikia marahaba huku amekaza uso. Alikuwa ameshasikia kwamba Ustawi huja kunyang'anya watoto.

Mama Ustawi akaomba maji ya kunywa.

Nilidhani ana kiu. Mjukuu, mvulana wa miaka tisa, akaitwa, akaenda ndani, akarudi na kikombe juu ya sahani. Kwa kikombe kile kimoja Mama Ustawi alikuwa ameona kwamba mtoto hachechemei, kwamba anaitwa kwa jina lake na si kwa tusi, kwamba bibi akinyanyua mkono mtoto hajikunyati, kwamba ndoo ya maji ina mfuniko. Haya alinieleza baadaye, kama jambo la kawaida. Mpishi mzoefu huonja mchuzi kwa tone moja. Yeye alikuwa ameonja nyumba.

Bibi mwenyewe ndiye aliyemkaribisha ndani, bila kuombwa. Kitanda cha kamba, chandarua chenye tundu lililoshonwa kwa uzi mwekundu, sare ya shule kwenye msumari, imefuliwa. Akaomba kuona madaftari. Mimi ningetazama alama. Yeye alitazama tarehe. Aliyafungua polepole, ukurasa kwa ukurasa, na kidole chake kikasimama mara kadhaa. Jumatatu hazikuwepo. Hakumuuliza mtoto. Alimuuliza bibi gulio la hapa ni siku gani. "Jumatatu," bibi akasema, na hapo hapo akaelewa alichoulizwa. Ana magoti mabovu, na matenga ya ndizi hayajibebi.

Kuongea na mtoto kulifanyika nje, chini ya mwembe, bibi akiwaona lakini hasikii. Mama Ustawi alikaa chini, juu ya khanga. Mvulana alikuwa na vizibo vya soda anavyochezea, na Mama Ustawi akaomba kufundishwa mchezo, akafungwa, akafungwa tena. Mtoto akiulizwa "Baba anakupiga?" atajibu kwa kuangalia uso wa anayeuliza anataka nini. Kwa hiyo hakuuliza hivyo. Alisema, "Hebu nisimulie jana, tangu ulipotoka shule mpaka ukalala." Kimya kilipoingia, hakukijaza. Alipanga vizibo. Mvulana akasimulia jana, kisha juzi, kisha akasema anachotaka: akae kwa bibi, lakini Ijumaa alale kwa mama, kwa sababu mdogo wake wa mwisho ameanza kutembea na yeye hajamwona akitembea.

Kabla hajaondoka alimwambia mtoto kipi atakwenda kuwaambia wazazi na kipi kitabaki pale. Hamwahidi mtoto yeyote siri ya moja kwa moja, kwa kuwa anajua ipo siku atalazimika kuivunja.

Siku hiyo huja. Mtoto akisema chini ya mwembe kwamba kuna mtu mzima anamfanyia vitendo vibaya, njia yote niliyoieleza hapa inaachwa. Hakuna kikao, hakuna kusuluhisha. Anamsikiliza mara moja, kwa maneno machache iwezekanavyo, ili mtoto asirudishwe kusimulia kwa kila mwenye meza. Kisha ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, fomu ya PF3 na hospitali, siku ile ile. Kikwazo chake kikubwa hapo ni wazee wenye busara zao, wanaofika ofisini wakiwa wameshika kofia na kusema, "Tumeyamaliza kifamilia." Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikumbana na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Baadhi ya haya humalizwa kifamilia, funika kombe mwanaharamu apite. Mama Ustawi huwakaribisha wazee viti, huwasikiliza hadi mwisho, na jalada huendelea na safari yake.

Shauri la uji bila sukari halikuwa la namna hiyo, likafika mezani. Viti viwili aliviweka vikitazama meza, si vikitazamana. Katikati akaweka karatasi nyeupe.

Baba alianza kama wanavyoanza wote: hali ngumu. Mama Ustawi hakubishana na hali. "Pikipiki yako au ya mtu?" Ya tajiri. "Hesabu kwa siku shilingi ngapi?" Akaandika. Mafuta? Akaandika. Siku za mvua, siku ya pancha, faini? Yote akayaandika, kwa haki, hata yale ambayo baba alikuwa ameyasahau. Chini akapiga mstari na kuigeuza karatasi. Baba aliisoma namba iliyobaki, akaisoma tena. Hakuna aliyemwambia kitu. Kisha ikaja zamu ya mama na genge lake la nyanya, kwa kipimo kile kile, kwa sababu sheria inataka kipato cha wazazi wote wawili kitazamwe pamoja na gharama za maisha za mahali wanapoishi.

Kabla ya sheria hii ya 2009, matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa yalifuata sheria ya tangu ukoloni iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Ukomo huo ulibaki vitabuni hadi ikawa hela hiyo hainunui hata kilo ya unga. Leo hakuna namba iliyoandikwa tayari. Inapatikana kwa subira, mezani, kwa kuhesabu unga, maharage, mafuta ya taa na daftari.

Baba alikuwa na hoja nyingine: mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Mji mzima unaamini hivyo. Mama Ustawi akaeleza taratibu kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema awe na mama yake, isipokuwa ikithibitika vinginevyo. Kwamba akishavuka hapo ni mali ya baba, haimo. Kisha akawaambia habari ya Ijumaa, na ya mdogo aliyeanza kutembea. Mama aliinamisha kichwa. Baba alilitazama dirisha.

Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili cha sokoni. Matunzo yatalipwa kila Jumamosi, si mwisho wa mwezi, kwa kuwa anayepata kwa siku hawezi kutunza hela ya mwezi. Yatalipwa kwa simu, maana ujumbe wa muamala ni ushahidi usiogombana na mtu. Sare na madaftari vinahesabiwa peke yake, Januari. Ijumaa mvulana analala kwa mama. Na Jumatatu alfajiri, baba atayabeba matenga ya bibi kwa pikipiki hadi gulioni, mtoto aende shule. Kipengele hicho cha mwisho hakikugharimu chochote zaidi ya mafuta kidogo, na kingeweza kutoka kwa mtu mmoja tu, aliyesoma tarehe kwenye daftari la hesabu.

Akawasomea kwa sauti. Akamwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichokubali cha mwenzake, si chake. Mama alikosea siku, wakarudia. Sahihi, dole gumba, muhuri, nakala tatu.

Watu hudhani kazi imekwisha hapo. Baba alilipa vizuri mwanzoni, kisha Jumamosi moja ikapita kimya. Mama Ustawi hakwenda stendi. Alimpigia Jumapili jioni, akamuuliza hali ya pikipiki. Ilikuwa gereji. Wakapanga alipe nusu, nusu nyingine wiki ijayo, naye akaandika kwenye jalada: "Gereji. Amepiga hesabu mwenyewe." Mwalimu wa darasa ameombwa kuangalia Jumatatu tu, bila kuelezwa sababu. Jalada liko kabatini, kwenye rafu ya yaliyo hai, na mtoto mdogo kuliko wote ndiyo kwanza ameanza kutembea.

Ofisi yake haina gari, na mafuta ya pikipiki huisha kabla ya mwezi. Halmashauri zinazopanga bajeti zingepaswa kuanzia hapo. Nawe msomaji, ukimkuta Mama Ustawi wa mji wenu akikata kona mtaani, msalimie, usimuulize anakwenda kwa nani. Na kama ipo nyumba unayoijua wewe na yeye hajaijua, sheria inakutaka utoe taarifa. Namba ni 116, na kupiga ni bure.